Shuka Juu ya Kaburi

Mimi huangalia mikono. Uso wa mtu ni muongo, unaweza kukuchekea asubuhi mpaka jioni na moyoni mna moto, lakini mkono haujui kuficha. Harusini, dukani, msikitini baada ya sala, macho yangu hutangulia kwenye mikono ya watu, na mke wangu amechoka kunikanya. Anasema iko siku nitampekua mgeni mlangoni petu hapa Jadida kabla sijamkaribisha. Namwambia huo si ugonjwa, ni kazi. Nimekuwa askari wa jela hapa Pemba tangu sijaota mvi, na miaka hii ya karibuni nimewekwa jengo la ndani, wanakokaa waliofungwa maisha na wale ambao mkuu wetu anaona hawafai kuchanganywa na wenzao.

Kwetu visiwani jela huitwa chuo na mfungwa huitwa mwanafunzi. Jina zuri, sina ugomvi nalo. Ila katika jengo la ndani sijapata kumwona aliyehitimu.

Watu hudhani kazi yetu ni kushika funguo na rungu. Kazi yetu hasa ni kutazama, na kutazama kunachosha kuliko kulima. Tunawahesabu asubuhi, tunawahesabu jioni, na katikati yake tunawachungulia kwenye kitundu cha mlango, chenye upana wa kupitisha bakuli la uji, bila wao kujua ni saa ngapi jicho litakuja. Nondo za madirisha tunazigonga moja moja na kusikiliza mlio wake, maana nondo iliyoanza kukatwa hailii sawa na nzima. Kijiko cha uji ni cha plastiki na lazima kirudi. Suruali zao hazina kamba wala mkanda. Wanachoachiwa ni godoro, msahafu kwa anayetaka, sabuni, na shuka moja nyepesi ya kujikinga na mbu.

Anayepiga kelele simwogopi. Anayenitukana kila nikifungua kitundu namjua yu mzima, bado anagombana na dunia. Ninayemwogopa ni yule anayenyamaza ghafla, akawa mpole, akaanza kuwagawia wenzake sabuni yake. Hilo nilifundishwa na askari walionitangulia, na sijaliona likikosea. Mtu anayetarajia kuoga kesho hagawi sabuni.

Mwanafunzi ninayetaka kueleza habari zake alikuwa mtu wa Pujini. Yeye na kaka yake waliachiwa na baba yao shamba la mikarafuu, wakagombania mpaka, kila mmoja akidai safu moja ya miti ni yake. Siku moja ya uchumaji maneno yakazidi, akamkata kaka yake kwa panga, kaka akafia pale pale chini ya miti wanayoigombania. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Kwa panga moja bibi yule akapoteza wana wote wawili, mmoja akaenda kaburini na mwengine akaletwa kwangu.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye viganja vipana vya mkwezi wa mikarafuu. Hakuwahi kunisumbua. Nikifungua kitundu asubuhi alikuwa amekwisha kaa kitandani, mikono juu ya magoti niione, na alinisalimu yeye kwanza: sabalkheri, afande. Wengine huweka mikono hivyo kwa kejeli. Yeye aliiweka kwa adabu, na mimi adabu ya namna hiyo hunikera, kwa sababu humfanya mtu asahau yuko mbele ya nani.

Mama yake alikuja kumtazama kila alipopata nauli. Sheria yetu ni kwamba chakula cha mgeni sharti mgeni mwenyewe akionje mbele ya askari, na askari huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Bibi aliketi kwenye benchi, akafungua bakuli lake la muhogo wa nazi na samaki, akamega, akala taratibu, akinitazama usoni. Wageni wengine huona haya au hukasirika. Yeye alikula kama aliyealikwa. Siku moja nilimuuliza, kwa ule mdomo wangu usiokuwa na breki, vipi anaweza kumpikia mtu aliyemuua mwanawe. Akamaliza tonge lake kwanza, kisha akanijibu kwamba mtoto akikunyea kiganjani hukati kiganja. Halafu akaniambia maneno ambayo sikuyatia maanani siku hiyo.

"Mie siwezi kuja kila siku, baba. Weye ndiye unayemwona. Niangalilie mwanangu."

Nikamjibu ndiyo, bibi, kama tunavyowajibu wageni wote.

Habari ya kifo cha bibi ililetwa asubuhi na sheha, kiongozi wa kijiji chao, aliyempigia simu mkuu wetu. Sheha aliomba mwanafunzi aruhusiwe kwenda kuzika, kwa sababu marehemu hakuwa na mtoto mwengine, na aliyebaki katika damu yake ni kaka yake mmoja tu, mzee. Mkuu hakutaka. Mtu wa jengo la ndani hatoki ila kwa mahakama au hospitali. Lakini mkuu naye ni Mpemba, mama yake yuko hai, na nadhani alimfikiria yeye. Mwishowe akaniita, akaniambia tutakwenda naye mimi na mwenzangu mmoja mwenye bunduki, na akanipa masharti ambayo nilikuwa nayajua: pingu zisitoke na macho yasitoke.

Mwenzangu huyo ni Mkristo, wazazi wake walikuja Pemba kutoka Bara kwa kazi ya ualimu, yeye akazaliwa hapa hapa. Ni askari mzuri na mwoga kwa kiasi kinachotakiwa. Maziko yetu alikuwa akiyaona kwa mbali, barabarani, kama anavyoona mtu asiyekuwa na mwaliko.

Nilimfunga mwanafunzi pingu moja kwenye mkono wake wa kulia, na ya pili nikaifunga kwenye mkono wangu wa kushoto. Hivyo ndivyo tunavyosafiri na watu wa ndani. Njia nzima mpaka Pujini nilihisi kwenye chuma mkono wake ukitetemeka, ukatulia, ukatetemeka tena. Sipendi kuhisi mambo ya watu. Nikajitia kutazama minazi.

Maiti alikuwa amekwisha oshwa na kukafiniwa. Tulipoingia uani vilio vya wanawake vilikatika, kisha vikapanda juu zaidi. Wanaume waliokaa kwenye majamvi walitupisha bila kutupa mkono, na kijana mmoja akatoa simu ili apige picha, nikamkemea mpaka akairudisha mfukoni. Kwenye sala ya jeneza tulisimama bega kwa bega, na kila takbira nilipoinua mikono yangu, mkono wake uliinuka na wangu.

Kisha jeneza likabebwa. Kwetu kila mwanamume hutia bega hatua chache, akapokewa na mwengine, ili wote wapate thawabu. Mwanafunzi hakuniomba, alikwenda tu, na kwa kuwa tulikuwa tumefungwa pamoja nami nikajikuta chini ya jeneza la bibi yule. Alikuwa mwepesi sana. Nilikumbuka anavyomega muhogo akinitazama. Nilikasirika na nafsi yangu, nikavuta pingu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika tulipotoka kumpisha mtu mwengine.

Mambo yalikwamia kaburini. Maiti wa kike kwetu hapokewi na mtu baki. Wanaoshuka kaburini kumpokea ni maharimu zake, watu wa damu ambao hawezi kuolewa nao, na juu ya kaburi hushikiliwa shuka ili mwengine yeyote asimwone anapolazwa. Wa kushuka walikuwa wawili tu, yule mzee kaka yake marehemu, na mwanafunzi wangu. Mzee akashuka kwanza, kwa kushikiliwa. Kisha mwanafunzi akageuka kwangu. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwenye mkono wangu, na mimi ni mtu baki.

Palikuwa na manung'uniko. Mtu mmoja, shemeji wa yule kaka aliyeuawa, akasema waziwazi kwamba mkono uliomkata mtoto wa marehemu hauna haki ya kumgusa marehemu mwenyewe, na kwamba dharura inaruhusu mtu mwengine mwema ashuke. Wengine wakamuunga mkono. Mzee akawajibu kutoka mle shimoni, kichwa chake kikiwa kwenye usawa wa miguu yetu.

"Kaniusia mwenyewe, akili yake nzima. Kasema: wa kunilaza awe mwanangu."

Wasia si jambo la kuchezea. Macho ya watu wote yakanijia mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyemuua bibi. Mwenzangu akaninong'oneza kwamba mkuu alisema pingu zisitoke. Nikamwambia ninajua mkuu alisema nini, nina masikio. Mwanafunzi aliinamisha kichwa, akasema polepole:

"Afande, siombi kutoroka. Naomba kushuka."

Kwa kazi yangu hilo halikuwa na mjadala. Kumfungulia ni kosa la kwanza. Kumwacha ashuke shimoni penye majembe kando, mtu aliyekwisha ua, ni kosa la pili. Na kumfunika kwa shuka nisimwone, hilo hata halikuandikwa kuwa ni kosa, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba askari wa jengo la ndani atakuwa mpumbavu kiasi hicho. Nilifikiria kiinua mgongo changu, nikafikiria mke wangu. Nikamfikiria na bibi kwenye benchi. Kisha nikafungua pingu, upande wake kwanza, nikaziacha zikining'inia kwenye mkono wangu.

Majembe nikayasogeza mbali kwa mguu. Mtu mmoja aliyekuwa ameshika ncha ya shuka nilimwomba aniachie, nikaishika mimi, ili angalau niwe karibu. Hivyo nikawa nimeshikilia kwa mikono yangu kitu kinachonizuia kuona.

Jeneza likaletwa, maiti akateremshwa chini ya shuka, na tangu hapo sikuona kitu. Nilisikia mchanga ukiporomoka na mzee akitoa maelekezo kwa sauti ya chini, mlaze ubavu, fungua hapa, mlegezee uso. Sanda yetu hufungwa kwa vitambaa vyembamba vilivyochanwa kwenye sanda yenyewe, na akishalazwa vitambaa vile hufunguliwa. Kisha kukawa kimya. Waliokuwa na viunza, zile mbao za kumfunikia maiti, walikuwa wamekwisha vinyanyua wakisubiri kuombwa. Hawakuombwa.

Muda ukarefuka. Mwenzangu alisogea, bunduki imeelekea chini, akaniuliza wanafanya nini huko, na kwa nini nisiinue shuka kidogo tu. Ingenitosha kuinua kidole kimoja. Sikuinua. Kuchungulia ni kazi yangu ya kila siku, lakini kumchungulia maiti wa kike ndani ya kaburi lake mbele ya watu wake, hilo singeweza kurudi nalo nyumbani. Jasho lilinitoka mpaka shuka ikalowa pale nilipoishika. Nilisikia mnong'ono mrefu wa mzee, sikushika neno hata moja, halafu sauti yake ikapanda akaomba viunza.

Walipomaliza, shuka ikatolewa. Mzee akavutwa juu. Mwanafunzi akapanda mwenyewe, amejaa udongo mwekundu mpaka nyusi, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akaninyooshea mikono yote miwili. Sikuwa nimemwambia. Nikamfunga, na mikono ile haikutetemeka tena. Nilijisikia fahari, sitaki kusema uongo. Nilijiambia kwamba nimemsoma mtu sawasawa, na kwamba kwa mara moja katika maisha yangu nimeamini na sikutiwa aibu.

Chuoni, anayerudi kutoka nje anavuliwa nguo zote na kupekuliwa, hata kama alikuwa ametoka kumzika mama yake. Niliifanya kazi hiyo mimi mwenyewe ili asiguswe na mwengine. Kabla sijaona kitu nilisikia harufu ya kafuri, ile inayotiwa kwenye sanda. Nilidhani imemshika nguoni. Kumbe alikuwa amejifunga kitambaa chembamba cheupe juu ya kiwiko, chini ya mkono wa shati, kama mtu anavyofunga hirizi. Kilikuwa kimoja katika vile vya sanda. Nilikifungua, alinitazama nikikifungua, akasema tu kwamba ni cha mama.

Mkuu akasema kichomwe. Nikamwambia sichomi kitu cha maiti, na nadhani nilisema kwa sauti ambayo askari hamsemeshi nayo mkubwa wake, maana alisukuma kiti nyuma, akaniambia basi nijue mwenyewe pa kukipeleka. Kumrudishia mwanafunzi nisingeweza. Kitambaa ni kamba, na kamba haiingii jengo la ndani. Nilimwambia kupitia kitundu kwamba nitakirejesha kwa mwenyewe. Akanishukuru.

Siku yangu ya mapumziko ilipofika nilikwenda Pujini nikiwa na kitambaa kile ndani ya bahasha. Nilimkuta mzee uani akichambua karafuu, anavunja vikonyo kwa kidole gumba, mikono myeusi kwa utomvu. Nilimweleza, akaichukua bahasha, akasema atakifukia yeye. Akanikaribisha juu ya jamvi, tukachambua pamoja, maana kukaa bure kando ya mtu anayefanya kazi si adabu. Nami kwa kujisifu nikamwambia kwamba mwanafunzi alitoka mle kaburini mtu mzima, akaniletea mikono yake mwenyewe.

Mzee akaacha kuchambua. Aliniuliza kama kweli sikuambiwa. Nikamuuliza kuambiwa nini.

"Tulipokwisha kumlaza hakuinuka," akasema. "Kajinyoosha kando yake, uso kauelekeza kibla kama yeye. Kanambia, mjomba, panda, uwaambie wafukie."

Nilimuuliza yeye alimjibu nini.

"Ningemjibu nini mie? N'kamwambia, yule askari kakuamini, kakufungulia. Ukibaki humu, atafungwa yeye."

Akarudi kwenye karafuu zake. Mimi nikazirudisha zangu kwenye jamvi. Niliyekuwa nikijivunia kumsoma mtu, nilisimama juu ya kichwa chake nimeshika shuka, na chini ya mikono yangu mtu alikuwa amejilaza kufa. Na kilichomwinua ni huruma juu yangu mimi. Kisha nikakumbuka kitambaa kile kilichofungwa juu ya kiwiko, na mpaka leo sijui alikitaka kwa kumbukumbu ama kwa jambo jengine. Sikuthubutu kumuuliza.

Kulikuwa na njia mbili. Ningeweza kunyamaza, na hapana ambaye angejua. Lakini nimekwisha ona chumba kikifunguliwa asubuhi na mtu wake amekwisha jinyonga, na sitaki kukiona tena. Nilimweleza mkuu yote. Naye akafanya linalofanywa: taa isizimwe, kitundu kisifungwe, achukuliwe msahafu wenye uzi wa alama aletewe usiokuwa nao, na shuka itoke.

Shuka niliifuata mimi. Nilimkuta amekaa kitandani, mikono juu ya magoti. Hakuuliza kwa nini. Aliikunja mara mbili, akainyoosha mikunjo kwa kile kiganja chake kipana, akanipitishia kwenye kitundu kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mgeni kitu chake.

"Mjomba kakwambia," akasema.

Nikamjibu ndiyo.

"Mie nilipanda kwa ajili yako, afande."

Niliibana shuka kifuani, nikaondoka. 

Tangu hapo analala chini ya taa inayowaka usiku na mchana. Mbu wa kwetu hawana huruma, mikono yake imejaa alama, anajikuna mpaka ngozi inatoka. Nilimwombea dawa ya kujipaka, haijaletwa. Hanisalimu tena asubuhi, na mikono haiweki magotini, anaiweka popote. Yu hai. Mama yake aliniomba nimwangalie, nami namwangalia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwangalia, na kila nikiweka jicho kwenye kitundu naona haya, kitu ambacho hakijawahi kunipata katika kazi hii.

Mwenzangu yule Mkristo ananiambia nilifanya sawa. Labda. Lakini leo alasiri, nilipokuja kupokea zamu, aliniambia pia, kwa furaha, kwamba mtu wangu ameanza kuchangamka. Ametabasamu, ameuliza hali za watu, na amemwomba ampelekee wa chumba cha pili sabuni yake.

Nikavuta kiti mpaka mbele ya kitundu, nikakaa.